Mwenyeji Asiyesubiri Wageni

Wakubwa wote, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Mwenyekiti kanipa dakika chache, na mnajua mimi nikianza kuongea sishikiki, kwa hiyo nivumilieni.

Ndugu zangu, ile tovuti ya kikundi mnayoangalia bei ya vitunguu kwenye simu, nusura initoe kwenye kazi ninayoipenda. Tulikuwa watatu, tumesoma chuo kimoja. Mmoja yuko Mbulu, akatengeneza sehemu ya mazao. Mwingine wa Dongobesh, sehemu ya mifugo. Mimi hapa Katesh nikapewa programu mwenyeji, ile inayofunguka kwanza halafu inazikaribisha sehemu za wenzangu, mtu akiona anadhani ni kitu kimoja. Nikasema, hiyo tu? Jamani!

Nikiifungua, ukurasa mweupe. Mweupe pee! Sehemu za wenzangu zikifunguliwa peke yake ziko sawa. Zikija kwangu, hakuna kitu. Nikabadilisha hiki, nikafuta kile, nikaanza upya. Siku ya kuwaonyesha ninyi ikafika. Mnakumbuka? Nikawasha projekta, mkatazama ukuta mweupe, na mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, umeme umekatika?" Mlicheka, na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani nililia.

Nawaambia ukweli, niliona aibu mpaka nikaacha kupokea simu. Kompyuta nikaifungia kabatini, nikamwomba mjomba anitafutie nafasi ya kuuza nguo mnadani. Wenzangu walipoona kimya, hawakunigombeza. Walipanda basi wakaja.

Sasa sikieni. Wako mlangoni, hata mabegi hawajatua, mimi nimeshaanza kujitetea: nilifanya hivi ikakataa, nikafanya vile ikakataa. Salamu sijatoa! Shangazi yangu, ndiye aliyenilea, akatoka jikoni.

"Wewe! Wageni hawajakaa unawamwagia maneno? Mwenyeji gani wewe?"

Tukakaa. Chai ya maziwa, viazi, habari za nyumbani, habari za mvua. Yule wa Mbulu alipomaliza kikombe akasema, "Haya, lete kompyuta, nione faili lako la kwanza." Akasoma kidogo tu, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu.

"Rafiki yangu, hii programu ni wewe mtupu! Vile vipande vya programu tunavyotumia wote watatu havijafika, yenyewe imeshaanza kazi."

Tukaligawa lile faili. La kwanza likabaki na kazi ya kufungua mlango na kusubiri. La pili ndilo linaanza kazi, kila kitu kikishafika. Tukafungua tena: vitunguu hivi hapa, ng'ombe hawa hapa! Nilipiga kelele mpaka shangazi akadhani nyoka ameingia ndani.

Shangazi, asante, na ulimi wako huo huo usipungue makali. Ninyi wanakikundi, asanteni kwa kunipa nafasi ya pili bila masimango. Na wewe uliyekaa hapa ukiwa na jambo limekushinda, nakuomba, usijifungie. Pokea simu.

Wenzangu wawili wamekaa pale nyuma, mmoja anajifanya vumbi limemwingia machoni. Mtu mwingine wa kuwatengenezea programu mwenyeji wangempata, tena mwenye subira kuliko mimi. Hawakumtafuta. Siku ile nilipowauliza kwa nini, yule wa Dongobesh alinijibu, "Sisi hatukuja kwa ajili ya tovuti."