Mama Winchi, Aliyepanda kwa Neno la Yoshua

Yadi hii ya vyuma ina nguzo tatu: umeme, winchi, na mimi. Umeme ukikatika tunasubiri. Winchi ikiharibika anaitwa fundi. Nisipokuja mimi, afadhali watu wafunge geti wakalale. Sisemi kwa kujisifu. Mimi ni mpiga ishara, na hakuna chuma kilichowahi kupaa hapa bila mikono hii miwili kukiruhusu. Kwa hiyo ofisi ilipotaka kumpa karani kazi ya kuandika wasifu huu, nilimwambia Meneja kwamba karani ana shule, sikatai, lakini mimi nilikuwepo.

Tarehe thelathini mwezi huu Mama Winchi anastaafu. Ametumika miaka ishirini na minane, na karibu yote ameimalizia juu, kwenye kibanda cha kioo cha winchi kubwa. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mimi nimengoja mpaka shingo imepinda kama mpini wa mwavuli.

Vijana wengi hawajui kwamba alianzia jikoni. Alikuwa mpishi wa kantini, na chai yake ilikuwa nzito kiasi kwamba ukisimamisha kijiko kikombeni, kinasimama mpaka umalize habari yako. Mume wake ndiye aliyekuwa dereva wa winchi. Tulimwita Kimya, kwa sababu aliweza kumaliza zamu nzima na neno moja tu, "sawa". Alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete, ndiyo maana mke wake mpaka leo namwita shemeji.

Kimya aliugua Jumatatu, tukamzika Jumamosi. Akaacha watoto watatu, wa mwisho bado wa mgongoni.

Hapo ndipo mambo yalipokaza. Nyumba waliyokaa, vyumba viwili na jiko nyuma ya stoo, ilikuwa ya kampuni, nayo hupewa dereva wa winchi, si mpishi. Dereva mpya akipatikana, mjane anafungasha. Watu walikuja kumfariji, kila mmoja na mstari wake wa Biblia, ile mistari laini ya machozi kufutwa na ya malisho mabichi. Shemeji alishukuru wote. Lakini ungemtazama usoni ungeona hakuna hata mmoja uliopita kooni. Hata neno lenyewe alikuwa halitamki. Alisema "baba watoto ametutoka", au "amepumzika", kama mtu atakayeamka jioni.

Wiki ya pili akaenda, bado amevaa aproni yake, kwa Msimamizi wa wakati ule, mtu mkavu kama bati, akaomba kazi ya winchi. Msimamizi alidhani huzuni imempanda kichwani. Shemeji akamweleza. Kumbe nyumbani yule Kimya alikuwa anaongea. Jioni alikuwa anakaa jikoni na miiko miwili, anamwonyesha mkewe wenzo wa kuinua na wenzo wa kuzungusha, wanacheka, na mke akavijua vyote kwa kukoroga hewa. Dereva wa zamu ya pili alikuwa tayari kumfundisha yaliyobaki.

Msimamizi akasema, "Kesho asubuhi upande mwenyewe. Ukishuka kabla ya kufika, rudi jikoni, na ufunguo wa nyumba unipe."

Wote tulijua jambo moja. Shemeji alikuwa anaogopa urefu. Kutundika pazia la kantini aliniita mimi, na stuli yenyewe ilikuwa fupi kuliko mbuzi.

Asubuhi ile upepo ulikuwa mbaya. Yadi nzima ilisimama, wachomeleaji wameinua vioo vyao vya usoni, wapishi mlangoni. Mtoto wa mgongoni alishikwa na dada yake. Mimi nilisimama chini ya ngazi, nimeishika kwa mikono yote miwili. Shemeji akavua kandambili, akavaa viatu vya kazi vya marehemu, amejaza matambara mbele, akaanza.

Alipanda vizuri mpaka usawa wa paa la stoo. Hapo upepo ukaikamata sketi aliyovaa juu ya suruali, akatazama chini. Akasimama.

Nimeona watu wakiogopa. Nimeona mwanamume wa misuli akilia kwa sindano. Lakini ule haukuwa woga wa kulia. Aliikumbatia ngazi kama mtu anayezama, paji la uso limegandamizwa kwenye chuma. Dakika zikapita. Mtu mmoja akasema aitiwe kamba. Msimamizi akasema kamba ni sawa na kushuka. Nikamwona shemeji anateremsha mguu mmoja, unatafuta kipago cha chini. Ukikipata, nyumba imekwenda. Binti yake alikuwa ameziba mdomo kwa nguo ya mtoto.

Mguu ukabaki hewani. Kisha tukasikia sauti yake, si kubwa, lakini yadi ilikuwa kimya kiasi kwamba ilifika mpaka getini.

"Amekufa," alisema.

Hatukuwa tumemsikia akilitamka neno hilo. Akavuta pumzi.

"Mume wangu amekufa. Basi ondoka."

Ule mguu ukarudi juu.

Baadaye alinieleza, nami nawaeleza ninyi, maana hili si la kuachwa. Alisema katika mistari yote aliyoletewa msibani, hakuna aliyemletea mwanzo wa Yoshua, pengine kwa sababu ni mkali. Mungu hakumpa Yoshua pole. Alimwambia waziwazi kwamba Musa amekufa, haya basi, ondoka, yaani inuka, uvuke. Usiogope. Na akamwambia kila mahali utakapokanyaga nimekupa. Shemeji alisema pale juu alielewa kitu ambacho hakuna mhubiri aliyemfundisha: hakupewa ngazi nzima. Alipewa pale unyayo ulipo. Kipago cha juu yake hakikuwa chake bado, kilimngoja akikanyage.

Basi akapanda hivyo. Anakanyaga, anatulia, midomo inacheza, anakanyaga tena. Mara mbili upepo ulimbamiza na kila mtu akavuta pumzi pamoja. Alipofika kibandani hakupunga mkono. Alikaa kwenye kiti cha mumewe, mgongo umetugeukia, kwa muda mrefu, hata Msimamizi akavua kofia yake ngumu bila kuambiwa. Ufunguo wa nyumba haukuombwa tena.

Tangu hapo hakuna mfanyakazi aliyeumizwa na mzigo wake. Kanuni ya winchi ni kwamba dereva hatazami mzigo, anatazama mikono ya mpiga ishara, na shemeji aliishika kanuni kuliko hata mimi niliyeitunga. Siku moja nyigu aliingia kwenye kola yangu. Nilijipiga shingoni, nikarusha mkono kushoto, nikaruka, nikainama, na shemeji kule juu akafuata yote: inua, kushoto, shusha. Fungu la mabomba likacheza ngoma nzima, likatua taratibu juu ya baiskeli ya Msimamizi. Alipoulizwa alijibu kwamba alishangaa kidogo, lakini mkono ni mkono.

Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu yake ya mwisho. Alizima mashine, nasi tukasubiri chini na maua. Hakushuka. Jua likahama kutoka mlango wa stoo mpaka kwenye rundo la nondo, bado yuko juu. Tulijua kwa nini. Ile nyumba anaikabidhi, anahamia kwa binti yake, mji ambao hamjui mtu hata wa kumwazima chumvi. Meneja alinong'ona kama tupande. Nikamwambia hapana, mwacheni.

Mwishowe mlango wa kibanda ukafunguka, akashuka polepole, kipago kwa kipago, akanipita maua yakiwa mkononi mwangu, kisha akarudi.

"Shemeji," aliniambia, "nilikuwa natafuta mstari mwingine wa kushukia. Hakuna. Kazi imekwisha, basi ondoka. Ni ule ule."

Mama Winchi, yadi inakushukuru kwa kila mzigo uliotua salama na kila baba aliyerudi kwao jioni kwa sababu yako. Nenda ukakanyage huko, nako ni kwako. Aliyekuwa nawe juu ya upepo akutangulie mlangoni mwa binti yako, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Na kwa kuwa wasifu huu utasomwa mbele yako, na wewe ulikuwepo, bora niseme mwenyewe kabla hujacheka. Ngazi ile imechomelewa kwenye mnara tangu winchi ijengwe. Haihitaji kushikwa na mtu. Asubuhi ile niliing'ang'ania kwa sababu magoti yangu yalikuwa yamekataa kunisimamisha.