Bi Nassra Masoud na Uwanja wa Nyuma ya Nyumba

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na baada ya kumsalia Mtume wetu, familia ya Mzee Masoud Jecha wa Malindi inakusomeeni, majirani na jamaa mliokuja hitmani, maisha ya mtoto wao, Bi Nassra, na tutajitahidi tusirefushe, kwani mwenyewe hakuwa na subira na maneno marefu ya watu wazima.

Bi Nassra Masoud Jecha alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 hapa hapa Malindi, mtoto wa kwanza wa Mzee Masoud, fundi seremala, na Bi Sichana, akafuatiwa na Bwana Matar, huyu aliyeketi mbele yetu. Asubuhi alikwenda skuli, mchana chuoni kusoma Kurani, na jioni yote ilikuwa ya uwanja ule wa nyuma ya nyumba yao, ambako wasichana walicheza nage, wakilengana kwa mpira wa matambara, na aliyepigwa amekufa, anatoka, wavulana wakarusha tiara za karatasi, na kiza kikianza kuingia wote wakacheza kibe, wakijificha hadi ndani ya majumba ya watu, huku mama zao wakiwaita madirishani mpaka sauti zikawakauka. Tiara ya Matar iliponasa juu ya paa la jirani, Nassra ndiye aliyepanda kuitoa, akateleza, akavunjika mkono, na bakora akala vilevile.

Mwaka 1976 alihitimu ualimu, na Januari 1977 akapangiwa Paje, akafundisha darasa la kwanza, na kwa kuwa kila alipoona wanafunzi wanasinzia aliwatoa nje wakacheze, aligombana na zaidi ya mwalimu mkuu mmoja. Huko huko Paje, tarehe 9 Agosti 1980, aliolewa na Bwana Muhiddin Borafya, mkulima, wakajaaliwa watoto wawili, Anwar mwaka 1982 na Salhiya mwaka 1986. Mwaka 1990 familia ilihamia Mtoni, Bwana Muhiddin akafariki mwaka 2011, na Bi Nassra alipostaafu mwaka 2017 alirudi Malindi kukaa na ndugu yake.

Hapo ndipo ilipoanza dhiki yake, kwani uwanja aliukuta umejaa vespa, ambazo Bwana Matar, kwa ruhusa aliyojipa mwenyewe, alikuwa akizikodisha kwa watalii, na watoto wa mtaa wamebanana vizingitini na simu. Kilichomkera zaidi si vespa, ni mazungumzo ya barazani, maana kila alasiri watu wa rika lake walikaa pale kusikitika kwamba watoto wa siku hizi hawajui kucheza, wakahadithiana habari za kibe na tiara, na mpira ukigonga ukuta, hao hao wakapiga kelele, "Tokeni hapa! Kachezeni kwenu!"

"Kwao wapi?" aliwauliza. "Si hapa ndipo kwao, kama palivyokuwa kwenu?"

Walimtaka radhi, wakamwagizia kahawa, na kesho yake wakafukuza tena. Bi Nassra akamwomba ndugu yake aziondoe vespa, kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kupitia kwa sheha wa mtaa, na kila mara alijibiwa inshaallah, neno ambalo likitoka kinywani mwa Matar, alisema Bi Nassra, maana yake ni hapana.

Januari 2019 mpira wa watoto ulivunja kioo cha vespa moja, Bwana Matar akautoboa kwa kisu mbele yao, mdogo kabisa akilia. Jioni iliyofuata Bi Nassra alimwita shoga yake wa utotoni, Bi Wanu, wakazisukuma vespa pembeni moja baada ya moja, wakajifunga kanga viunoni, wakaanza kucheza nage, wanawake wawili wenye wajukuu, na watoto, baada ya kuduwaa kidogo, wakaingia kati. Bwana Matar akatoka mbio.

"Dada, nshakwambia uwanja huu—"

Mpira ukampiga kifuani.

"Umekufa, toka!" akasema Bi Nassra.

Na Bwana Matar, mbele ya baraza zima, kabla hajafikiri, akapaza sauti, "Sikufa! Umenigusa kanzu tu!"

Watu waliangua kicheko, yeye akajitahidi kununa, ikamshinda, na tangu siku ile vespa zilitafutiwa pengine, ingawa kila aliyetaka kusikiliza aliambiwa kwamba mpira ulimgusa kanzu tu.

Mwaka 2023 Bi Nassra alianza kusumbuliwa na figo, na kuambiwa apumzike kulimuudhi kuliko maradhi yenyewe, hivyo Bwana Matar alimsogezea kitanda dirishani, akawa mwamuzi wa michezo yote, akiwagombeza wenye kudanganya, mpaka Jumatano ya tarehe 10 Septemba 2025, kabla ya Adhuhuri, alipoitikia wito wa Mola wake, akiwa na umri wa miaka 68.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, walimu wenzake wa Paje na Mtoni, na majirani wa Malindi, wa barazani wakiwemo. Mwisho, Bwana Matar ametuomba tuseme kwa niaba yake kwamba waliokuja na vespa wakaziweka uwanjani wakaziondoe kabla ya Alasiri, kwani watoto wamenyamaza tangu Jumatano, na dada yake hilo asingeliweza kulistahamili.

Umetuvumilia vya kutosha, Bi Nassra. Pumzika sasa katika amani ya Mola wako.