Bi. Digna Lipangile na Makala Zisizo na Jina Letu

Tarehe 30 Juni Bi. Digna Lipangile anastaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti wa mpunga, hapa Kivukoni, kwa miaka thelathini na minne. Aliingia kama kibarua wa kupandikiza miche. Anatoka akiwa msimamizi wa vipimo vya shambani.

Kila asubuhi amepima kina cha maji katika majaruba ya mpunga, hata siku ya harusi ya mwanawe, kitenge kipya kimekunjwa magotini. Wanafunzi wa vyuo vikuu walimwogopa kuliko walimu wao. Aliyekuja na viatu vya ngozi alivuliwa. Aliyelia kwa sababu ya ruba alirudishwa Ifakara mjini. Takwimu aliwapa wote, ila alikataa katakata jina la kituo liandikwe kwenye makala zao. Aliona ni kujisifu mbele ya wageni, nasi tukaona ndiyo adabu.

Adabu hiyo imetuweka hatarini. Serikali ilipoamua kuvipa nguvu ya pekee vyuo vikuu vichache vinavyoongoza, makala zao ziliongezeka kweli, nyingi zikitumia takwimu zetu, na tulifurahi. Kisha mwezi Machi likaja jopo la tathmini kuamua kama kituo kiendelee au kifungwe. Walihesabu makala zenye jina letu, wakapata mbili tu.

Bi. Digna aliingia mkutanoni bila kuitwa, amebeba daftari ambalo kila mtafiti hulisaini anapochukua takwimu. Mwenyekiti wa jopo, Profesa Fridolin, ambaye enzi za uanafunzi alifundishwa naye kupima maji, alisimama akampa shikamoo. Bi. Digna aliitikia marahaba, akamwomba asome daftari hilo kwa sauti. Profesa akasoma jina lake mwenyewe mara kumi na moja, sauti ikizidi kufifia. Ndipo Bi. Digna akasema kosa la kuficha jina la kituo ni lake peke yake, wasiwaadhibu wenzake. Iliniuma sana, maana kosa lilikuwa letu sote.

Hadi leo majibu ya jopo hayajatoka. Tunakuaga, Bi. Digna, bila kujua kama mwakani kutakuwa na jaruba la kupima. Asante kwa yote, mama. Mungu akupe afya na mapumziko uliyoyatolea jasho. Makala yetu ya msimu huu ilikwenda kwa mhariri wa jarida jana, na safari hii hatukukuomba ruhusa: jina la kwanza kati ya waandishi ni lako.