Mama Si-Kawaida Atundika Ovaroli

Baada ya miaka thelathini na moja katika gereji yetu, fundi mkuu wa breki anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30. Jina lake kamili limo kwenye kadi ya mwaliko, lakini ukiliita uani hakuna atakayegeuka, hata yeye mwenyewe. Sisi tunamjua kama Mama Si-Kawaida.

Jina hilo alijitakia. Kwake neno "kawaida" lilipigwa marufuku. Gari likitoa mlio na fundi akasema ni kawaida yake, alirudishwa uvunguni mpaka aje na sababu. Mtunza stoo wetu aliwahi kuulizwa hali, akajibu kawaida. Jamani, alihojiwa mpaka akakiri kuwa jino linamuuma!

Halafu likaja lile gari la familia la viti saba, mtumba tuliouza wenyewe. Mwenye gari, mwalimu mwenye watoto watatu, alilalamika kuwa pedeli ya breki inazama. Tulikuwa tumeshamrudisha nyumbani mara mbili tukimwambia ni kawaida ya magari haya yakishakula chumvi. Mama alilifungua, akakuta silinda kuu ya breki inavuja kwa ndani. Akapiga simu kiwandani na kuwasomea namba ya chesisi. Kumbe kiwanda kilishayaita magari ya toleo lile yabadilishiwe silinda bure, ila mmiliki wa kwanza hakujisumbua kulipeleka.

Na tulikuwa tumeuza mengine kama hilo. Meneja, ambaye leo anacheka tukimkumbusha, alitaka tutengeneze hilo moja na kuhusu mengine tunyamaze, biashara isiharibike. Mama alimwambia mbele yetu sote kwamba kama anaona ni salama, apakie wajukuu wake ateremke nao mlimani. Meneja alikohoa, akamsogezea simu ya ofisi.

Aliwasaka wanunuzi mmoja mmoja. Wapo waliomkatia simu, wapo waliomwita tapeli, aliwapigia tena. Gari la mwisho lilikuwa limeshauzwa na kuuzwa tena. Tulilikuta nje ya nyumba moja, mizigo imefungwa juu, watoto wamejaa nyuma, baba yao ameshawasha injini. Mama alisimama mbele ya boneti na ovaroli lake, akagoma kusogea. Baba akafoka kwamba breki zake ziko hivyo siku zote, ni kawaida. Lo, alichokoza nyuki! Aliamriwa akanyage pedeli na aishikilie. Ikashuka polepole mpaka sakafuni. Nilikuwepo, nimebeba kamba ya kuvutia gari. Baba yule alizima injini, akawashusha watoto mmoja mmoja.

Watoto wale sasa ni watu wazima, Mama, na huenda hawakukumbuki. Sisi tunakushukuru kwa niaba yao. Nenda ukapumzike, ulale mpaka jua likuamshe, na afya isikupungukie. Na siku utakapopiga simu kuuliza tuna hali gani bila wewe, hakuna atakayethubutu kujibu kawaida.