Bega Nililolificha

Ndugu zangu, mnivumilie nisome kwenye daftari. Nikiwatazama usoni nitaanza kujisifu, na sina cha kujisifia.

Wengi hapa Keza mnajua nilikuwa askari. Lori letu lilipinduka tukiwa kazini, bega langu la kulia likavunjika. Hospitalini daktari wa jeshi alikuwa akipita kila asubuhi. "Hujambo, kijana?" Nami najikaza, "Sijambo, afande!" Mwenzangu wa kitanda cha pili ananicheka: "Sijambo gani hiyo, na uji unanyweshwa?"

Mfupa ukaunga vibaya. Nilipostaafu nikaomba pensheni ya ulemavu, ikakataliwa. Nikarudi nikitangaza kwamba karani wa masijala kaficha jalada langu. Nawaambia ukweli, nililisema hilo hata hapa kanisani. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, tukate rufaa. Twende wote nikaseme ninayoyaona." Nikamjibu mambo ya jeshi si ya wanawake. Miaka minne akalima peke yake, mimi nimekaa nalaumu watu.

Mwishowe nikamkubalia, tukakata rufaa pamoja. Karani yuleyule ndiye aliyelitafuta jalada na kunifungulia. Ndani imeandikwa: mgonjwa anasema hajambo, hana maumivu. Siku baada ya siku, hadi niliporuhusiwa. Daktari hakunionea. Aliandika nilichomwambia.

Mbele ya bodi ya madaktari, mwenyekiti akauliza, "Mzee, huo mkono unafanya kazi?" Ndugu zangu, mdomo ulishafunguka kusema unafanya. Mke wangu akasimama.

"Shikamooni. Huyu shati namvalisha mimi, ndevu namnyoa mimi. Mkimuuliza yeye mtaandika uongo."

Mmoja akacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Mzee, vua shati, kwa mkono huo huo." Nikajaribu mbele yao. Kifungo cha kwanza kikanishinda.

Rufaa ilikubaliwa, ila kuanzia siku ile, si miaka ya nyuma. Ni haki. Ile miaka niliipoteza mwenyewe.

Namshukuru karani. Nilipomwomba radhi alisema tu, "Yameisha, mzee." Kwangu hayajaisha, maana nyie mliosikia nikimchafua, sijui mmeshawaambia wangapi. Namshukuru mke wangu, ambaye mgongo wake umepinda kwa kulima sehemu ya watu wawili. Sina hakika kama kiburi kimenitoka. Labda hata kuwasomea haya ni kiburi. Lakini mkiitwa kupimwa, msimwache nje anayewavalisha shati.