Mama Amekalia Mikono

BINTI: Haloo? Ni nani?

MAMA: Mimi.

BINTI: Mimi nani? Namba siijui. Ngoja nizime mashine— haya, nani?

MAMA: Aliyekuzaa.

BINTI: Mama? Shikamoo.

MAMA: Marahaba. Salio si langu, usinicheleweshe. Niko bustani ya hospitali.

BINTI: Si uliapa hutatia mguu hapo?

MAMA: Mguu sijatia, nimetia makalio. Nimekaa kwenye benchi la zile sanamu zetu ulizotengeneza.

BINTI: Mama!

MAMA: Afisa na fundi wamekuja na grinda ya kukatia chuma. Wanataka kutukata mikono, mimi na marehemu baba yako, tukae mbalimbali kama abiria wasiojuana.

BINTI: Nani kawatuma?

MAMA: Baba yako mkubwa kalalamika. Eti mke na mume kushikana mikono mbele za watu ni aibu kwa ukoo.

BINTI: Wakikata wameua! Mikono ile niliimimina pamoja, shaba ya chungu kimoja. Hakuna pa kuunga—

MAMA: Hawakati.

BINTI: Mama, hao wana amri—

MAMA: Nimesema hawakati! Nimejibana katikati, nimeikalia hiyo mikono. Anayetaka kukata aanze na mimi.

BINTI: (anacheka) Na fundi wa grinda?

MAMA: Ndiye mwenye simu hii. Kazima chombo chake, anakula ndizi. Afisa ndiye anayepiga kelele. Unamsikia? We baba, punguza sauti, naongea na mwanangu!

BINTI: Na baba mkubwa?

MAMA: Kasimama pale anachunguza viatu vyake. Nimemwambia, shemeji, mikono hii ni yangu na ya mume wangu, wewe wa kwako uko wapi?

BINTI: Lakini Mama... siku ya kuzifunua sanamu ulifunika uso ukaondoka. Hujanipigia tangu siku ile.

MAMA: Maisha yangu yote nilitembea nyuma ya baba yako. Njiani hakunishika mkono hata tukivuka barabara. Alinishika wodini tu, dirisha lile pale, siku zake za mwisho. Nikajua ni siri yetu wawili. Wewe ukaja ukaianika juani.

BINTI: Nisamehe, nilikuwa mlangoni, nikawaona—

MAMA: Sijamaliza. Aibu ile ilikuwa yangu. Sikumwomba mtu anisaidie kuibeba.

BINTI: Haloo? Unakatika—

MAMA: Nasema mikono imeng'aa! Watu wanaigusa kabla ya kuingia kuona wagonjwa wao. Asubuhi dada mmoja kaigusa, kavuta pumzi, ndipo akaingia. Nikasema, kumbe.

BINTI: (analia) Mama.

MAMA: Usinililie kwenye simu ya watu. Halafu pua umenikuzia.

BINTI: Ndiyo yako hiyo!

MAMA: Haya, fundi anasema salio linaisha.

BINTI: Nakuja sasa hivi! Nije na wakili?

MAMA: Wakili wa nini? Njoo na mto. Kile kidole cha baba yako, cha mwisho, kilichopinda, kinanichoma tangu asubuhi.

BINTI: Ulikiona? Nilidhani hukukitazama kabisa!

MAMA: Nilikiona siku ileile ya kufunua. Unadhani niliondoka kwa nini? Nilitaka kukishika, mbele za watu—

BINTI: Mama? Haloo? Mama!

(Simu imekatika.)