Kitambaa cha Madhabahu Chini ya Mkorosho

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnaoitikia kwa sauti na mnaoitikia kwa aibu, wote nawasalimu. Mimi ni Mama Neema, yule fundi cherehani wa hapa sokoni Ruangwa. Nasimama kushuhudia jinsi Bwana alivyonitoa kwenye shimo la hasira.

Mnajua kwamba kila Jumamosi nilikuwa napanda gari kwenda Nanganga kwa Bibi Esta. Bibi yule haoni, ana kidonda mguuni, na pale kijijini Mkristo ni yeye peke yake. Nilikuwa namwosha kidonda, nafunga bandeji, namsomea Zaburi, tunaomba, narudi. Niliahidi mbele yenu kwamba sitamwacha mpaka mmoja wetu azikwe. Niliahidi kwa mdomo huu huu!

Sasa, mnakumbuka kitambaa cha madhabahu kilivyoibiwa? Nilikidarizi mimi. Ule msalaba, uzi mwekundu uliniishia, mkono mmoja wa msalaba nikaumalizia kwa uzi wa damu ya mzee, ule mwekundu uliokoza. Kilipopotea, mzee mmoja wa kanisa alitufungisha siku tatu, akalia machozi akimwombea mwizi atubu. Nami nililia naye.

Msimu wa korosho ulipofika, akina mama tulikwenda kumsaidia mzee huyo kuokota, kama tunavyosaidiana siku zote. Mimi nikaangukia mkorosho wa mpakani. Nafagia majani shinani, mkono ukagonga chungu kidogo. Fingo! Zindiko la mganga, la kulinda shamba, limefunikwa kwa kipande cha kitambaa. Ndugu zangu, nilipokipangusa udongo niliuona uzi wangu. Mkono mwekundu, na mkono wa damu ya mzee.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakukana. Alisema taratibu, "Funika, Mama Neema. Shamba lina maadui."

Nikafunika! Hilo nalo nalitubu leo. Niliokota korosho mpaka jioni, na Jumapili nikamsikia akihubiri juu ya imani. Sikumwambia mtu. Ila moyoni nilisema, kama mambo yenyewe ndiyo haya, Nanganga siendi tena. Jumamosi ya kwanza nikalala. Ya pili nikashona sare za shule. Ya tatu nilimkumbuka Bibi Esta nikajifanya simkumbuki. Namlaani mnafiki, kumbe na mimi nimevunja ahadi!

Wiki iliyofuata aliingia kibandani kwangu Bi Somoe, jirani yake Bibi Esta, Mwislamu wa swala tano. Moyo ulinilipuka, nikajua kaleta habari za msiba. Hapana. Alikuja mjini kutafuta bandeji, akapita kunijulia hali akidhani naumwa. Zile nilizoacha zilikwisha, akawa anachana kanga yake.

"Namwosha mimi," alisema. "Na kile kitabu kanishikilia nimsomee kila Jumamosi, eti ndiyo siku yako. Nasoma pale ulipoweka uzi. Nikikosea, Mungu atanisamehe."

Nilipigwa na butwaa! Bi Somoe anamsomea bibi yetu Zaburi, na mimi niliyeokoka nashona sare! Nikamweleza yote, chungu, kitambaa, mzee. Hakucheka wala hakushangaa. Aliniuliza tu, "Sasa bibi kakosa nini?"

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana alipovunja kiburi changu. Nilifunga kibanda, tukapanda gari pamoja. Bibi Esta alipapasa vidole vyangu vyenye sugu za sindano, akasema, "Umekuja. Tuendelee." Hakuniuliza nilikuwa wapi.

Kesho yake nilimwendea yule mzee, nikasema naye uso kwa uso. Alikichimbua kitambaa mwenyewe, akanikabidhi. Jina sitalitaja, hata kama wengine mmeshamjua. Nimekifua, ndicho hiki hapa mkononi. Nitakishonea kiraka, na kiraka kitaonekana.

Namshukuru Mungu ambaye hakuniacha nilipowatazama watu. Wewe uliyechoka na unafiki wetu, usimwache Yesu kwa sababu yetu. Mtumaini, njoo tufanye kazi yake. Jumamosi gari linatoka stendi saa moja asubuhi, nami nitakuwepo. Hata wewe, mzee wangu, karibu. Bibi Esta haoni ni nani aliyeingia mlangoni. Anachojua ni kama umekuja, au hukuja.